Wakutubi na vitabu vilivyofungiwa: tuseme ukweli wa Afrika Kusini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba mkutubi ni mtumishi kama watumishi wengine, kwamba kazi yake ni kupanga vitabu na kuwaazimisha wanaovihitaji, na kwamba serikali ikikataza kitabu lawama haiwezi kumfikia yeye, kwa kuwa hakukiandika wala hakukikataza. Msomaji huyo aliandika kwa heshima, nami nitajitahidi kumjibu kwa heshima hiyo hiyo. Hata hivyo sikubaliani naye hata kidogo, na kwa kuwa nimefanya kazi ya maktaba kwa miaka thelathini na mitatu kabla ya kustaafu, naona nikinyamaza nitahesabiwa kuwa nimekubali.

Mwaka 1984 nilikuwa karani kijana katika maktaba moja hapa mjini Morogoro. Wakati huo, kilomita chache kutoka mjini, pale Mazimbu, palikuwa na shule ya chama cha ANC cha Afrika Kusini iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Serikali yetu ilikuwa imewapa wapigania uhuru hao eneo la shamba la zamani la mkonge, nao wakajenga hapo madarasa, mabweni, hospitali na maktaba yao wenyewe. Wanafunzi wengi walikuwa wametoroka kwao baada ya maasi ya Soweto ya mwaka 1976 na misukosuko iliyofuata, na mara mojamoja wachache wao walifika mjini na kuingia kwetu kusoma.

Siku moja alikuja kijana ambaye nadhani hakuwa amezidi miaka ishirini, akiwa ameshika riwaya ya mwandishi wa kwao aliyoikuta katika rafu zetu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini tulielewana. Nikaichomoa kadi iliyokuwa ndani ya kijimfuko cha karatasi kilichogundishwa nyuma ya jalada, nikamsogezea pamoja na kalamu ili aandike jina lake. Akaitazama kadi ile kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Aliyasoma majina ya walioazima kabla yake, moja baada ya jingine, kidole kikishuka taratibu, kisha akanirudishia bila kuandika kitu. "Ndugu," akaniuliza, "majina haya nani anayasoma?" Nikamwambia hakuna anayeyasoma, ni ya kumbukumbu tu. Akasema kwao yanasomwa. Basi akakaa kwenye benchi karibu na mlango, akakisoma kitabu hicho pale pale mpaka tulipofunga, na kesho yake akarudi akaendelea alipoishia.

Wakati ule niliona ni woga wa mkimbizi. Nilimwelewa miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma kwa makini habari za maktaba za Afrika Kusini chini ya makaburu, na habari hizo ndizo ninazotaka kumweleza msomaji mwenzangu, maana ndizo zinazoonyesha kazi ya mkutubi inavyoweza kugeuzwa kuwa tawi la kazi ya polisi huku mkutubi mwenyewe akiendelea kuamini kwamba anapanga vitabu tu.

Mwaka 1950 ilipitishwa sheria ya kukomesha ukomunisti, na neno "ukomunisti" ndani yake likapanuliwa hata likameza karibu kila aina ya upinzani dhidi ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1963 ikaja sheria ya machapisho na burudani, iliyounda bodi ya kudhibiti maandishi, na mwaka 1974 mahali pake pakachukuliwa na sheria nyingine iliyoweka kamati za kupima vitabu, ikaweka baraza lake yenyewe la rufaa, na kuwafungia watu njia ya kukata rufaa mahakamani. Chini ya sheria hiyo mpya kitabu kiliweza kukatazwa kusambazwa, au kikakatazwa hata kuwekwa nyumbani. Vitabu vingi vilifikishwa mbele ya kamati hizo na polisi na maofisa wa forodha, lakini mtu yeyote alikuwa na ruhusa ya kupeleka kitabu kikapimwe, mkutubi akiwemo.

Mbali na vitabu, watu wenyewe walipigwa marufuku. Mtu akishaingizwa katika orodha hiyo, maneno yake hayakuweza kunukuliwa wala kuchapishwa nchini, hata kama aliandika juu ya utoto wake au juu ya muziki. Mwaka 1966 serikali ilitangaza kwa mkupuo majina ya watu waliokuwa uhamishoni, wakiwemo waandishi Es'kia Mphahlele, Lewis Nkosi na Bloke Modisane. Kwa tangazo moja kizazi kizima cha waandishi weusi kikaondolewa mbele ya macho ya wasomaji wao, na watoto waliozaliwa miaka ile walisoma shule hadi wakamaliza bila kujua kwamba watu wa kwao waliwahi kuandika vitabu vinavyosomwa Lagos, London na Dar es Salaam.

Msomaji mwenzangu atauliza: hayo ni ya serikali na polisi, mkutubi anaingia wapi? Anaingia siku ya Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku lilipotoka Gazeti la Serikali, na ndani yake mlikuwa na majina ya machapisho yaliyokatazwa. Majina hayo yalikusanywa pia katika fahirisi iliyojulikana kwa jina la Jacobsen, iliyokuwa na kurasa za kuchomoa na kuchomeka ili nyongeza ziingizwe kila zinapotoka, nayo ilitumika katika maduka ya vitabu na katika maktaba. Sasa tuifikirie kazi yenyewe kama anavyoifahamu mtu aliyewahi kuifanya. Karani anaketi na orodha upande wa kushoto na droo za kadi upande wa kulia. Anatafuta jina la mwandishi. Akilikuta, anaandika namba ya rafu kwenye kipande cha karatasi, anakwenda rafuni, anakitoa kitabu, anavisogeza vilivyobaki ili pengo lisionekane, anarudi kwenye droo. Hapasikiki sauti ya mtu, wala hakuna askari mlangoni.

Na droo ndiyo jambo kubwa. Katika mfumo wa kadi, kitabu kimoja huwa na kadi tatu au zaidi: moja ya jina la mwandishi, moja ya jina la kitabu, na nyingine ya mada, na mara nyingi mada huwa zaidi ya moja. Polisi halijui hilo. Ukimwachia polisi maktaba nzima kwa wiki moja atachukua vitabu vyenye majalada mekundu na kuondoka. Anayejua kwamba kitabu kimetajwa mahali panne, kwamba kipo pia katika orodha ya marejeo ya kitabu kingine, kwamba nakala ya pili ipo kwenye gari la maktaba inayotembea vijijini, ni mkutubi peke yake. Kwa hiyo serikali inayotaka kitabu kitoweke kweli, kitoweke hata swali la kukiulizia, haina budi kuutumia ujuzi wa mkutubi, na akiutoa ujuzi huo hawezi kusema kwamba hakushiriki.

Tena kuna mabaya yaliyotendwa bila hata orodha kuyadai. Chama cha wakutubi cha nchi ile, kilichoanzishwa mwaka 1930, mwaka 1962 kiliamua kwamba wanachama wake wawe Wazungu tu, na wengine wakatengewa vyama vyao. Huo ulikuwa uamuzi wa watu wa taaluma, uliofanywa na watu wa taaluma. Maktaba za miji mingi ziliwafungia milango watu weusi kwa miongo kadhaa. Maktaba kuu ya jiji la Johannesburg ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote mwaka 1974. Kwa msomaji mweusi, basi, vitabu vingi zaidi vilikatazwa na mlango kuliko vilivyokatazwa na Gazeti la Serikali, na kwenye mlango ule alikaa mkutubi. Mwanahistoria Archie Dick wa Chuo Kikuu cha Pretoria, ambaye ametumia miaka mingi kuichimba historia hii, ameonyesha kwamba kulikuwa na vitabu vilivyoteketezwa kwa moto, na kwamba wakutubi wenyewe walikuwa miongoni mwa waliosimamia kazi hiyo. Nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza niliinuka mezani nikatoka nje. Mtu aliyezoea kubandika upya kitabu kilichokatika uti kwa gundi na kipande cha kitambaa, akakiwekea jiwe juu kikauke usiku kucha, anajua uzito wa jambo hilo.

Yapo pia yasiyoweza kuhesabiwa, nayo ni vitabu ambavyo havikununuliwa. Mkutubi mwenye bajeti ndogo, anayeogopa kwamba kitabu anachokiagiza leo kitatajwa mwezi ujao, hukiacha, na hakuna karatasi inayobaki kuonyesha kwamba kiliachwa. Mdhibiti hakufanya kazi yoyote hapo. Mkutubi amemfanyia.

Wala hili halikuanzia kwa makaburu. Vitabu vilivyochomwa na wanafunzi wa Kinazi mjini Berlin tarehe 10 Mei 1933 vilitokana kwa sehemu kubwa na orodha zilizotayarishwa na mkutubi, Wolfgang Herrmann. Wanafunzi hawakuwa na muda wala elimu ya kujua kipi kichomwe. Walimhitaji mtu wa maktaba.

Nataka msomaji mwenzangu aangalie pia upande wa anayesoma, na hapa namkumbuka Ruth First. Alikuwa mwandishi wa habari wa Johannesburg aliyezuiwa na serikali kuendelea na kazi yake, hivyo akaanza kusomea ukutubi katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwezi Agosti mwaka 1963 polisi walimkamata akitoka katika chumba cha kusomea cha maktaba ya chuo hicho, wakaenda naye nyumbani kwake kupekua, na chini ya rundo la magazeti wakakuta nakala moja ya jarida alilokuwa amelihariri yeye mwenyewe, ambalo lilikuwa limekwisha kukatazwa. Kwa nakala hiyo moja peke yake alikabiliwa na kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Alikaa kizuizini siku 117, peke yake, bila kushtakiwa. Baadaye aliishi uhamishoni, akafundisha kwa kipindi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tarehe 17 Agosti 1982 aliuawa mjini Maputo kwa bomu lililotumwa ndani ya kifurushi. Katika nchi ya namna ile, kadi yenye majina ya waazimaji si kumbukumbu ya ofisi tena; ni orodha ya watu wa kwenda kupekuliwa. Kijana wa Mazimbu alilijua hilo, mimi niliyeishika kadi sikulijua.

Najua jibu litakalokuja: mkutubi ana watoto, ana kodi ya nyumba, na akikataa atafukuzwa na kuletwa mwingine atakayetii. Hoja hiyo ni nzito na sitaidharau. Aliyefanya kazi chini ya makaburu aliweza kupoteza ajira, na kwa machapisho fulani aliweza kwenda jela, na mimi niliyekaa Morogoro kwa amani sina mamlaka ya kumtaka mtu mwingine awe shahidi wa dini. Lakini kati ya kufa shujaa na kuchoma vitabu kuna nafasi pana sana, na wapo wakutubi wa Afrika Kusini walioitumia.

Vyuo vikuu kadhaa viliviweka vitabu vilivyokatazwa katika vyumba vya kufuli, na mtafiti aliyetaka kuvisoma alihitaji kibali. Zamani niliviona vyumba hivyo kuwa ni aibu tupu. Siku hizi nimebadili mawazo kidogo, kwa sababu kufuli hufunguka. Tarehe 2 Februari 1990 serikali ilipotangaza kuwaondolea marufuku ANC na vyama vingine, na masharti juu ya maandishi yakaanza kulegea, vitabu vilivyokuwa chumbani vilikuwapo vya kurudishwa rafuni. Vilivyopita tanurini havikurudi. Mkutubi aliyegeuza ufunguo na yule aliyewasha moto walisoma orodha ile ile, siku ile ile ya Ijumaa, na siwezi kuwahesabu pamoja.

Walikuwapo pia waliosema waziwazi. Christopher Merrett, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Natal kule Pietermaritzburg, aliandika dhidi ya udhibiti wakati udhibiti wenyewe ukiwa bado na nguvu, akieleza jinsi unavyofanya kazi ndani ya maktaba, kwa lugha ya mtu aliye ndani. Katika vitongoji vya Cape Flats, nje ya Cape Town, ambako watu wengi waliohamishwa kwa nguvu kutoka District Six, mtaa wa jiji hilo, walitupwa, vijana wa miaka ya 1980 walizigeuza maktaba za mitaa, kama ile ya Bonteheuwel, kuwa mahali pa kukutania na kujadili mambo yao, na wapo wakutubi walioliona hilo na kuwaacha. Vincent Kolbe, mkutubi aliyehudumu katika vitongoji hivyo, baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Makumbusho ya District Six. Hakuna aliyemwamuru mkutubi wa kitongoji kuuacha mlango wazi hadi jioni, wala hakuna sheria iliyomlazimisha kuufunga mapema na kupiga simu. Alichagua.

Mhariri, nisiyatazame ya wenzetu peke yake. Miaka michache baada ya kijana yule, nilihamishiwa maktaba nyingine ambayo sitaitaja. Mkubwa wangu wa kazi aliniita ofisini asubuhi, akataja riwaya moja ya Kiswahili, akasema imelalamikiwa, niitoe. Hakuniandikia. Hakusema imelalamikiwa na nani, na mimi sikumuuliza. Nilikwenda rafuni nikakitoa kitabu, nikakipeleka ofisini kwake, kisha, bila kuagizwa, nikaenda kwenye droo nikazichomoa kadi zote tatu nikazichana. Nilifanya hivyo kwa sababu nilifundishwa kwamba katalogi isitaje kitabu kisichokuwapo. Nilijiona karani makini.

Kama miaka sita baadaye alifika msichana wa kidato cha tano akikiulizia kitabu hicho kwa jina. Nikamwambia hatuna. Akaniuliza kama tuliwahi kuwa nacho. Nikasema hapana. Yule binti alishukuru, akafunga daftari lake, akaenda zake. Nilisema uongo kwa sauti ya mtu anayesema kweli, na hakukuwa na namna yoyote ya yeye kunibaini, kwa maana droo ilikuwa upande wangu. Jioni ile nilifungua daftari la kuingizia vitabu, lile kubwa ambalo kila kitabu huandikwa kinapopokelewa, nikakikuta mstari wake: namba, tarehe, jina la mwandishi, bei, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Daftari lile hakuna aliyekumbuka kuligusa. Ndipo nilipofahamu kwamba kosa langu kubwa halikuwa kukitoa kitabu, ambalo pengine nisingeweza kulizuia. Kosa langu lilikuwa kumfanya msichana yule aamini kwamba hakuna kilichotolewa.

Kutokana na hayo nina imani moja ambayo sijaiacha tangu siku ile, nayo ndiyo jibu langu kwa msomaji mwenzangu. Yapo mambo ambayo mkutubi hawezi kuyakataa bila kuangamia, na hakuna mwenye haki ya kumdai ayakatae. Lakini kumbukumbu ya kilichoondolewa ni mali yake, na kuilinda hakuhitaji ushujaa mkubwa. Mkubwa akisema "kitoe", mkutubi anaweza kusema kwa adabu, "Naomba agizo hilo kwa maandishi, mzee, ili niliweke kwenye faili." Maagizo mengi ya namna hii hufia hapo hapo, kwa sababu mtoaji wake hataki jina lake lionekane. Agizo likija kwa maandishi, kitabu kitatoka rafuni, lakini kadi ibaki, na juu yake paandikwe tarehe na neno "kimeondolewa". Msomaji akiikuta, atajua kwamba kipo kitabu, kwamba kuna mtu hakutaka akisome, na kwamba yupo wa kumuuliza. Nakala yenyewe ihifadhiwe ghalani, hata moja, hata kama ni nyuma ya makabati mabovu. Na iwapo mtu mwenye cheo, tena asiye na hati ya mahakama, atafika kutaka kujua nani aliazima nini, aambiwe ukweli kwamba maktaba haina kumbukumbu hizo, na ili uwe ukweli, inabidi kumbukumbu hizo zifutwe mara tu kitabu kinaporudi.

Hilo la mwisho lina uzito zaidi leo kuliko wakati wangu. Kadi za karatasi zilijaa, tukazitupa, tukaweka mpya. Kompyuta haijai. Programu nyingi za maktaba zina uwezo wa kukumbuka kila kitabu ambacho msomaji amewahi kuazima tangu siku alipojiandikisha, na pale ambapo hakuna aliyezipanga vinginevyo zitaendelea kukumbuka, jina kwa kitabu, saa na tarehe. Vilevile kazi iliyonichukua mimi nusu saa ya kuchomoa kadi tatu na kuzichana sasa ni ya kubonyeza kitufe mara moja, na haibakizi hata vipande vya karatasi katika ndoo ya taka. Kijana anayeanza kazi hii leo ana mamlaka makubwa juu ya wasomaji wake kuliko nilivyokuwa nayo mimi, na sijaona anafundishwa hivyo. Anafundishwa namna ya kupanga kwa namba, namna ya kuorodhesha, namna ya kutengeneza ripoti ya idadi ya wasomaji. Vyote ni vya lazima. Lakini niliwahi kumuuliza kijana mmoja mwenye stashahada atafanya nini akiombwa na mtu mkubwa orodha ya walioazima kitabu fulani, akanijibu kwamba ataichapa kwa dakika chache tu na kumpa, na alisema hivyo kwa fahari ya kuijua kazi.

Simlaumu. Nami nilizichana kadi kwa fahari hiyo hiyo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaofundisha ukutubi hapa nchini, kuanzia chuo cha Bagamoyo hadi vyuo vikuu vyetu, wawatengee wanafunzi vipindi vya kuisoma historia hii ya Afrika Kusini kwa undani: fahirisi ya Jacobsen, uamuzi wa mwaka 1962, vyumba vya kufuli, matanuri, na wale waliokataa. Hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta. Mazimbu ipo, sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, baada ya ANC kuyakabidhi majengo kwa serikali yetu mwaka 1992. Makaburi ya waliofia uhamishoni yako pale pale na yanatunzwa. Mwalimu anaweza kuwachukua wanafunzi wake kwa basi, akawaketisha chini ya miti, akawaeleza kwamba vijana waliosoma hapa walivuka mipaka ya nchi kadhaa wakafika mahali ambapo kitabu kingewekwa mikononi mwao bila kukamatwa, na kwamba hata walipofika, mmoja wao aliogopa kuandika jina lake kwenye kadi.

Iwapo chuo chochote kitapenda kumsikia mkutubi mzee akiyaeleza haya, niko tayari kwenda kwa nauli yangu. Nitakwenda na kile kijimfuko cha karatasi na kadi yake, ambavyo nilivinusuru maktaba ile ilipohamia kwenye kompyuta na kutupa kadi za zamani. Ina majina kumi na moja. Nitayafunika nikiionyesha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkutubi mstaafu,
Morogoro